Sikukuu za Baridi Ughaibuni: Furaha Iliyo Nyuma ya Milango

Mwezi wa Desemba uingiapo, pwani yetu huwa imeshashikwa na kaskazi: jua kali, bahari imechangamka, maembe yamejaa sokoni, na watoto waliofunga skuli wanaoga mpaka magharibi. Wakati huohuo, watu wengi wa lugha yetu, waliotoka Unguja na Mombasa, Tanga na Moshi, Bukavu na Bujumbura, wakenda Ulaya kwa masomo, kwa kazi, kwa ndoa, au kwa kukimbia vita, huwa wanaingia katika majira ambayo hakuna masimulizi ya nyumbani yawezayo kumtayarisha mtu kuyakabili. Mjini Hamburg, ilipo maskani ya mwandishi huyu, ifikapo tarehe 21 Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili unusu asubuhi, likatua mnamo saa kumi jioni, hata mchana wote ukawa wa saa saba na nusu tu. Na Mwislamu mwenye kushika sala zake huona adhuhuri, alasiri na magharibi zikifuatana kwa karibu mno, hata mfanyakazi akakosa wasaa wa kuketi baina yake. Ndani ya giza hili ndimo Wazungu walimoiweka sikukuu yao kubwa kupita zote, na ndani ya giza hilohilo mgeni hutakiwa ajue la kufanya na nafsi yake tangu mwanzo wa Desemba mpaka wiki ya kwanza ya Januari, na mwishoni shule zikiwa zimefungwa, ofisi nusu tupu, na nauli ya ndege ya kurudi Dar es Salaam au Nairobi imepanda kuliko wakati mwingine wowote.

Kwa mtazamo wangu, baada ya kuishi kwa muda mrefu miongoni mwa watu hawa na kuwapenda, sikukuu yao ina nyuso mbili, na asiyezipambanua hupata simanzi isiyo ya lazima. Uso wa kwanza ni wa njiani: taa, muziki, masoko, harufu ya vyakula, na bashasha ambayo kila mpita njia huipata bila kuulizwa ametoka wapi. Uso wa pili ni wa nyumbani, nao ni wa watu wachache, wa damu moja aghalabu, na mlango wake hufungwa mapema. Mgeni huushuhudia uso wa kwanza kwa wiki nne akadhani kwamba amekwisha karibishwa katika ule wa pili. Kisha jioni ya tarehe 24 hujikuta peke yake katika barabara isiyo na mtu.

Tuanze na ule wa njiani, maana una mengi ya kusifiwa. Masoko ya Krismasi ya nchi zizungumzazo Kijerumani na za jirani zake ni mambo ya kale kwelikweli: lile la Dresden, liitwalo Striezelmarkt, lilianza mwaka 1434, na lile la Strasbourg, katika upande wa Ufaransa wa mto Rhine, linahesabiwa tangu mwaka 1570, nalo huwekwa chini ya kanisa kuu ambalo mnara wake wa mita 142 ulikuwa kwa zaidi ya karne mbili jengo refu kuliko yote duniani. Nuremberg soko hufunguliwa Ijumaa iliyo kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, na binti aliyevishwa nguo za dhahabu hulifungua kwa kusoma maneno ya kuwakaribisha wageni kutoka kwenye roshani ya kanisa. Mtu wa pwani asimamapo penye vibanda hivi vya mbao hupatwa na jambo ambalo hakulitarajia. Pua yake humpeleka kwao kabla ya fikira zake. Kwani ile mikate ya asali ya Nuremberg, na ile mikate mizito ya zabibu ya Dresden inayonyunyizwa sukari mpaka ikawa myeupe pe, imeungwa kwa mdalasini, hiliki, kungumanga, tangawizi na karafuu. Nuremberg ilipata umaarufu wa mikate hiyo tangu zama za kati, kwa kuwa misitu yake ilikuwa na nyuki wengi na kwa kuwa ilikaa penye njia kuu ambazo viungo vya Mashariki vilipita vikitoka Venice. Na karne ya kumi na tisa ilipofika, mashamba ambayo Sayyid Said bin Sultan aliwahimiza watu kuyapanda mikarafuu Unguja na Pemba yalikuwa yakiilisha dunia sehemu kubwa ya karafuu yake. Hivyo harufu ambayo mtoto wa Kijerumani huiita harufu ya Krismasi ni harufu ambayo mtoto wa Wete huiita harufu ya mavuno, inayotoka kwenye majamvi yaliyoanikwa juani. Na sioni haya kusema kwamba jambo hili hunifurahisha kila mwaka upya.

Asiyekunywa mvinyo atambue kwamba kile kinywaji chekundu cha moto, ambacho watu hukipokezana vikombe kwa vikombe, ni mvinyo uliochemshwa kwa viungo, lakini karibu kila kibanda huuza pia cha watoto, kilichopikwa kwa maji ya matunda. Soseji nyingi ni za nguruwe, na muuzaji akiulizwa husema kweli bila kukasirika. Lozi zilizokaangwa kwa sukari na njugu za msituni zilizochomwa hazina shaka yoyote. Jambo zito zaidi ni lile la vizuizi vya zege vilivyozungushiwa masoko haya tangu lori lilipowaua watu mjini Berlin tarehe 19 Desemba 2016, na ambavyo havikuzuia gari jingine kuwavamia watu mjini Magdeburg tarehe 20 Desemba 2024. Baada ya misiba ya namna hiyo macho hubadilika, na mwenye ngozi nyeusi, au mwenye buibui au mtandio, huyahisi kabla hajaambiwa neno. Na lililo gumu ni kwamba naye pia amefiwa, kwa kuwa mji huo ni mji wake, na pengine juzi tu alisimama mahali palepale na wanawe.

Sasa jioni ya tarehe 24. Ujerumani, sheria inaamuru maduka yafungwe saa nane mchana siku hiyo, na siku mbili zinazofuata, tarehe 25 na 26, zote ni za mapumziko ya taifa, hivyo asiyenunua mkate na maziwa kabla ya adhuhuri atakwenda kuvitafuta kwenye stesheni kubwa za treni. Mabasi hupungua. Makanisa hujaa watu ambao mwaka mzima hawakuonekana humo, kisha watu hao hurudi majumbani wakala chakula ambacho kwa wingi wa nyumba ni chepesi mno kwa kipimo chetu, saladi ya viazi na soseji, wakafungua zawadi chini ya mti, na mji ukanyamaza. Kwa aliyezoea Idi ya mitaa ya Mji Mkongwe au ya Lamu, ambapo mlango ukifungwa siku ya sikukuu watu huuliza kuna mgonjwa gani ndani, ambapo watoto hupita nyumba hata nyumba kupokea mkono wa Idi na sahani za biriani hutoka kwa Mwislamu zikaenda kwa Mkristo na siku ya Krismasi zikarudi kwa njia ileile, ukimya huu hufanana na kususiwa. Haukukusudiwa hivyo. Watu hawa huishi mbali mbali na wazee wao, mtoto Munich na mama Kiel, na usiku huo mmoja ndio ambao jamaa yote hukutana. Wakaulinda kama mtu alindavyo kitu ambacho akikipoteza hana kingine. Nimewahi kusikia wageni wakilisema jambo hili kwa uchungu, wakawaita wenyeji wao watu wasio na moyo, na naona wamewadhulumu.

Uchungu huo, hata hivyo, una historia ndefu, nao si wa mtu mmoja mmoja tu. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliwasili Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, akiitwa sasa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu akafa, naye akabaki na watoto watatu wachanga katika mji ambao hakuwa na ndugu hata mmoja ndani yake. Aliishi baadaye Dresden, Rudolstadt na Berlin, akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, akafariki Jena mwaka 1924, na mabaki yake yamo katika makaburi ya Ohlsdorf, hapa Hamburg. Ni majira mengi ya baridi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake juu ya desturi za Waswahili ilichapwa mwaka 1903, alikuja Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Kijana wa leo, aliye na simu mfukoni na kaka yake akiwa Rotterdam, anapojiona kuwa wa kwanza kuyapata haya, ni vizuri akumbuke kwamba wako waliotangulia ambao barua yao moja ilichukua wiki kadhaa baharini.

Wakristo wetu wana faraja ambayo sisi wengine hatuna, nami naitaja kwa heshima. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na tangu hapo nyimbo za Kilutheri za Kijerumani zimeimbwa Moshi na Machame mpaka zikawa za wenyewe. Mchaga anayeingia kanisa lolote la Hamburg mkesha wa Noeli, hata kama hajui maneno kumi ya Kijerumani, hufika wakati ambapo taa huzimwa na watu wote husimama wakaimba wimbo ule wa usiku mtakatifu, ambao padri Joseph Mohr aliandika maneno yake na mwalimu Franz Xaver Gruber akautia sauti, ukaimbwa mara ya kwanza Oberndorf, karibu na Salzburg, tarehe 24 Desemba 1818. Naye huuimba kwa Kiswahili bila kitabu, na jirani yake humgeukia kwa mshangao, kisha kwa furaha. Bwana mmoja wa Marangu aliniambia kwamba urafiki wake wote wa mji huu ulianzia katika dakika hizo. Mlango wa nyumba ulifunguka kwa sababu mlango wa kanisa ulifunguka kwanza.

Na sisi tusio na njia hiyo? Shauri langu ni moja, nami nalishikilia kwa nguvu: mgeni asingoje kualikwa, aalike yeye. Nyumba nyingi za watu wetu zimekwisha fanya hivyo, na sikukuu za baridi zimegeuka kuwa msimu wao wa kukutana, kwa kuwa ndio wakati pekee ambao wote wana likizo. Tarehe 25 mchana viatu hujaa barazani mwa fleti ya vyumba viwili, makoti hurundikwa kitandani, wanawake huvaa kanga juu ya sweta, na sufuria ya pilau huwekwa juu ya jiko la umeme ambalo aliyelitengeneza hakudhania kwamba lingebeba mzigo wa namna ile. Mchele, uzile, pilipili manga na mdalasini hupatikana katika duka la Waturuki. Tui la kopo, mihogo na ndizi mbichi katika duka la Kiafrika lililo karibu na stesheni. Halua huja katika sanduku la aliyetoka Muscat, kwani karibu kila jamaa ya Unguja ina mtu huko. Lakini karamu ya wenyewe kwa wenyewe ni nusu ya kazi. Ukitaka kuishi na watu waalike na wale wa ghorofa ya chini: yule mwanamke mzee ambaye mwanawe hakuja mwaka huu, na yule mwanafunzi wa Kikorea. Hawakuzoea kualikwa ghafula, kwa hiyo waambiwe wiki mbili tatu kabla, wapewe na saa. Watakuja kwa saa hiyo hasa, si nusu saa baadaye, nao watakuja na kitu mkononi.

Kuna adabu za nyumba ambazo mpangaji mgeni hana budi kuzijua, kwani majirani huudhika zikivunjwa kuliko wasemavyo. Kuanzia saa nne usiku sauti hushushwa, taarabu ikiwemo, na siku za sikukuu hakuna kutoboa ukuta wala kuendesha mashine yenye kelele. Theluji ikianguka, njia iliyo mbele ya nyumba husafishwa asubuhi na mapema, na mara nyingi mkataba wa kupanga humtwika mpangaji wajibu huo kwa zamu, naye akiipuuza mtu akateleza akavunjika mguu, dhima ni yake. Mtu wa Tanga mwenye beleshi la theluji mkononi saa moja ya alfajiri, giza bado totoro, hupata salamu nyingi kwa asubuhi moja kuliko alizopata mwaka mzima; na nusu ya wageni wa pilau yake hutokana na salamu hizo.

Tarehe 27 ikifika, safari huanza. Wengi wetu, kwa kuwa tiketi ya nyumbani haishikiki, huzunguka Ulaya siku hizi, nalo ni jambo jema kama makaratasi yako sawa. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi moja ya mkataba wa Schengen aweza kuzuru nyingine zote, ambazo sasa ni 29, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, ila awe na pasipoti iliyo hai pamoja na kibali chenyewe. Na asidanganyike kwamba mipaka haina mtu, kwani Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na polisi wapitapo ndani ya treni hawachelewi kufika kwenye kiti chetu. Uingereza na Ireland zina viza zao. Anayengoja kibali kipya na amepewa hati ya muda tu, aulize kwanza ofisini kwa maandishi kabla hajanunua tiketi.

Treni ya usiku itokayo Hamburg hufika Vienna asubuhi, na sijui mji ulio bora kuliko huo wa kuuagia mwaka. Usiku wa tarehe 31 barabara za katikati hugeuzwa uwanja wa ngoma, watu hupeana vinguruwe vya sukari na majani ya bahati, na saa sita kamili ya usiku hulia Pummerin, kengele ya kanisa la Mtakatifu Stefano, yenye uzito wa zaidi ya tani 20. Ile ya kwanza ilisubiwa mwaka 1711 kwa shaba ya mizinga ya Waturuki iliyotekwa katika vita vya kuuzingira mji mwaka 1683. Kanisa likaungua Aprili 1945, kengele ikaanguka ikavunjika, na vipande vyake vikasubiwa upya mwaka 1951. Muziki wa mto Danube hufuata sauti ya kengele hiyo, na watu wasiojuana hucheza pamoja juu ya mawe ya barabara. Asubuhi yake, wakati wenye bahati ya kura wako ndani ya ukumbi wa Musikverein wakilisikiliza tamasha la Mwaka Mpya, ambalo tangu mwaka 1941 hufanywa tarehe mosi Januari, sisi wengine hulitazama bure kwenye pazia kubwa mbele ya jumba la manispaa, na kofia masikioni.

Lakini kwa mtu wa kwetu mwaka huingia mara mbili. Ulaya ikiwa saa nne ya usiku, Afrika Mashariki ni saa sita, na simu huanza kulia: mama yu barazani, honi za meli zasikika bandarini, wadogo wanagombania kusema. Wengine wetu walitoka Goma, katika Kivu, wakikimbia vita. Hapo nataka kusema jambo ambalo wenyeji wetu hawalijui, na wakilijua pengine watatusamehe kufunga madirisha. Fataki huuzwa Ujerumani siku tatu za mwisho wa mwaka tu, kisha hulipuliwa zote kwa usiku mmoja, na kwa mama wa Kivu aliyewatoa wanawe chini ya risasi, saa hiyo ya furaha ya mji mzima ni saa ya kuketi sakafuni korido ya ndani, watoto wakiwa mapajani, mpaka moshi utulie. Wenzetu kadhaa wamefanya desturi ya kuzialika jamaa za namna hiyo usiku huo katika nyumba za vijijini au za pembeni mwa mji ambako mlipuko ni mchache. Ni ihsani kubwa, nami natamani iigwe.

Sikukuu zenyewe huisha tarehe 6 Januari, sikukuu ya wale wafalme watatu ambao mabaki yao, kwa imani ya Wakatoliki, yamo katika sanduku la dhahabu la kanisa kuu la Cologne, mji yalikoletwa mwaka 1164. Madrid na miji yote ya Uhispania hufanya maandamano yao usiku wa tarehe 5, na Baltasar, mfalme mweusi, ambaye kwa miaka mingi aliigizwa na mzungu aliyepakwa rangi, katika baadhi ya miji sasa huwa mtu mweusi kweli. Watoto wetu wakimwona hupiga kelele za furaha ambazo mzazi hazisahau. Ujerumani, watoto wa Kikatoliki huvaa mataji wakapita mlango hata mlango wakiimba, wakaandika kwa chaki juu ya kizingiti tarakimu za mwaka na herufi C, M na B, kuiombea nyumba baraka, na hukusanya fedha za watoto wa nchi nyingine. Mwaka 1959 ndipo kazi hiyo ilipoanza kufanywa kwa taifa zima, na mwaka 2017 nchi iliyotangulizwa ilikuwa Kenya, kwa ajili ya ukame wa Turkana. Aliyelelewa katika nyumba za mawe za Unguja au Lamu, ambazo milango yake ya nakshi ina aya zilizochongwa juu ya kizingiti, haoni ajabu kwamba mlango wasomewa dua. Nyumba za Kiislamu nizijuazo huwafungulia watoto hao, huwapa senti zao na visheti, na kuwaachia waandike wapendavyo.

Mwenye nia ya kualika mwaka huu, basi, aanze mwezi wa Novemba. Majirani wapewe tarehe kwa maandishi, waulizwe wasichokula. Ndugu wa Cologne na wa Uholanzi wakate tiketi za treni mapema kabla bei haijapanda. Na nyama iagizwe kwa mchinjaji wiki nzima kabla, kwani tarehe 24 Desemba duka la Waturuki nalo hufungwa saa nane ileile.